Guglielmo Marconi: Mhandisi, Tuzo na Isiolo ya Mwaka 1937

Kurasa za majarida ya vyama vya Kiswahili zimezoea kubeba maisha ya malenga na waandishi. Muyaka wa Mombasa, Mwana Kupona, Shaaban Robert: hawa tumewasoma, tumewahakiki na tumewatungia maswali ya mitihani. Ni nadra sana mhandisi kupewa nafasi miongoni mwao. Hata hivyo, ni vigumu kueleza jinsi Kiswahili kilivyoenea bara bila kuitaja redio, na ni vigumu zaidi kuitaja redio bila kumtaja Guglielmo Marconi. Huku kwetu Isiolo, mji wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, redio imekuwa miongoni mwa walimu wa Kiswahili ambao hawakuwahi kuajiriwa na Wizara ya Elimu.

Ziko sababu mbili zilizonisukuma kumwandikia. Ya kwanza ni tuzo. Katika miaka ya karibuni Afrika Mashariki imeshuhudia wahandisi wake, ambao bado wako mwanzoni au katikati ya safari yao ya kitaaluma, wakitunukiwa kwa ubunifu wao. Mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga wa Tanzania alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, iliyoanzishwa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, kwa chujio lake la kusafishia maji. Mwaka 2018 tuzo hiyo ilimwendea Brian Gitta wa Uganda kwa kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu, na mwaka 2022 ikamwendea Norah Magero wa Kenya kwa jokofu dogo la kubebeka linalotumia nguvu za jua kuhifadhi chanjo. Yeyote aliyewahi kuiona zahanati iliyo mbali na nguzo za umeme, upande wa Merti au Garba Tula, hahitaji kuelezwa thamani ya jokofu la namna hiyo. Marconi ni babu wa washindi wa aina hii: alianza akiwa na umri wa miaka ishirini, na alipofika thelathini na mitano alikuwa amekwisha kupewa tuzo kuu kuliko zote.

Sababu ya pili ni Isiolo yenyewe. Hiyo nitaieleza wakati wake utakapofika.

Marconi alizaliwa Bologna, Italia, tarehe 25 Aprili 1874. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ayalandi katika ukoo maarufu wa watengenezaji wa wiski. Jambo hili la mama si dogo, kwa maana kutoka kwake kijana alipata Kiingereza cha nyumbani na jamaa wenye fedha na wenye kujuana na watu London. Alifundishwa zaidi na walimu wa nyumbani, wala hakupata shahada ya chuo kikuu. Jirani yao, Profesa Augusto Righi wa Chuo Kikuu cha Bologna, alimruhusu kuingia katika maabara na kuhudhuria mihadhara, na hapo ndipo alipokutana na habari za mawimbi ya sumakuumeme.

Mawimbi hayo yalikuwa yamethibitishwa na Mjerumani Heinrich Hertz mwishoni mwa miaka ya 1880. Hertz alifariki Januari 1894 akiwa kijana wa miaka thelathini na sita, naye Righi akaandika taazia yake. Marconi aliisoma taazia hiyo wakati wa mapumziko milimani. Wataalamu waliyachukulia mawimbi ya Hertz kuwa ni jambo la elimu, la kuthibitisha nadharia. Yeye akauliza kama yangeweza kubeba ujumbe. Swali lilikuwa rahisi, na pengine lilihitaji mtu asiyekuwa na shahada ya kumwonya.

Katika dari ya nyumba yao, Villa Griffone, iliyo katika kijiji cha Pontecchio, alianza kuunganisha vifaa vilivyokwisha kubuniwa na wengine. Kulikuwa na mtambo wa kutoa cheche, na kulikuwa na kichupa cha kioo chenye unga wa chuma ambao hugandamana na kupitisha umeme pindi wimbi linapoufikia. Alichoongeza yeye ni waya mrefu uliosimamishwa hewani na mwingine uliofukiwa ardhini, na kwa kufanya hivyo umbali ukaongezeka kutoka mita chache hadi kiasi cha kilomita mbili. Mwaka 1895 kaka yake, Alfonso, alikwenda na kipokezi upande wa pili wa kilima, mahali ambapo nyumba haikuweza kuonekana. Ishara ilipofika alifyatua bunduki. Mlio huo ulimaanisha kwamba mawimbi hayahitaji kuonana ana kwa ana.

Naomba niingize hapa neno moja la lugha. Waswahili walikuwa wakijua simu ya waya tangu zamani, kwani kebo ya chini ya bahari kutoka Aden ilifika Zanzibar mwaka 1879. Neno simu lenyewe tumelipata kutoka Kiajemi, ambako maana yake ni waya. Chombo cha Marconi kilipotufikia, wazee wetu waliamua kukiita simu ya upepo. Kwa asili ya neno, basi, hiyo ni waya ya upepo: kitu ambacho hakiwezekani lakini kila mtu alikielewa. Wataalamu wa istilahi wanaotumia miezi kadhaa kubishana juu ya rununu na simutamba wangefaidika kulitafakari jina hili.

Mapema mwaka 1896 Marconi, akifuatana na mama yake, alihamia Uingereza. Tarehe 2 Juni mwaka huo aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa mfumo wake. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Binamu yake, Henry Jameson Davis, alimfungulia milango, na William Preece, mhandisi mkuu wa Posta ya Uingereza, akampa nafasi ya kuonyesha kazi yake hadharani. Mwezi Mei 1897 ujumbe ulivuka maji ya mlango wa Bristol kutoka kisiwa cha Flat Holm hadi Lavernock huko Wales. Miezi miwili baadaye alikuwa na kampuni. Mwaka 1899 ujumbe ulivuka kutoka Ufaransa hadi Uingereza. Mwaka huohuo mitambo yake ilipelekwa Afrika Kusini katika vita vya Makaburu, ambako jeshi la nchi kavu lilishindwa kuitumia na jeshi la majini likafaulu. Msomaji azingatie kwamba mitambo hii ya Marconi ilifika Afrika Kusini ikiwa chombo cha vita.

Tukio lililomfanya awe gwiji lilitokea tarehe 12 Desemba 1901. Alikuwa amejenga kituo kikubwa cha kutumia mawimbi huko Poldhu, Cornwall. Dhoruba ziliangusha milingoti ya Poldhu na ile iliyosimamishwa upande wa Marekani, kwa hiyo akalazimika kujaribu kwa njia ya dharura. Alikwenda Newfoundland na wasaidizi wawili, George Kemp na Percy Paget, akapanda kilima cha Signal Hill, na kwa kuwa hakuna mlingoti ambao ungestahimili upepo wa pale, akarusha tiara iliyobeba waya mrefu angani. Adhuhuri ile, akiwa na chombo cha kusikilizia sikioni, alisema amesikia nukta tatu za alfabeti ya Morse, yaani herufi S, zikitoka umbali wa kilomita zipatazo 3,400. Kemp pia alisikia. Hakuna karatasi iliyochapishwa na mashine, wala hakuna shahidi wa nje. Hadi leo wako wanasayansi wanaoshuku kwamba walichosikia kilikuwa ni ngurumo za hewani tu, kwa sababu mawimbi ya urefu ule husafiri vibaya sana wakati wa mchana.

Miezi michache baadaye, mwaka 1902, alisafiri katika meli ya Philadelphia akiwa na mashine ya kuchapa ishara kwenye utepe wa karatasi, na mara hii ushahidi ulikuwapo: usiku ishara zilifika zaidi ya kilomita 3,000, mchana zikakatika kabla ya kufika 1,200. Kwa nini usiku ufae kuliko mchana? Hakujua. Kwa nini mawimbi, ambayo yalitarajiwa kwenda moja kwa moja na kupotelea angani, yafuate mviringo wa dunia? Hilo nalo hakulijua. Tabaka la hewa linaloyarudisha mawimbi chini lilikisiwa mwaka huohuo na Heaviside na Kennelly, na halikuthibitishwa hadi miaka ya 1920. Mhandisi alitangulia na mwanasayansi akamfuata nyuma.

Alipokuwa Signal Hill, Marconi alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba. Kwa sisi ambao katika umri huo tungali tunasahihisha sura ya pili ya tasnifu, ni habari ya kuudhi kidogo.

Tuzo ya Nobel ya Fizikia ilikuja mwaka 1909. Hakupewa peke yake; aligawana na Ferdinand Braun, Mjerumani wa umri wa miaka hamsini na tisa, aliyeboresha namna ya kuunganisha mtambo wa cheche na waya wa hewani. Uamuzi huo una mambo mengi ya kumfunza mtu anayeshughulika na tuzo. Kwanza, wako waliosahauliwa. Oliver Lodge wa Uingereza alikuwa ameonyesha upokezi wa mawimbi mwaka 1894. Alexander Popov wa Urusi alikuwa amejenga kipokezi mwaka 1895, na alikuwa amekwisha kufariki. Jagadish Chandra Bose wa Calcutta aliwasilisha London, mwaka 1899, habari za kipokezi cha chuma na zebaki, na kipokezi kilichotumika Newfoundland kilikuwa cha zebaki pia. Nikola Tesla alidai kwamba Marconi alikuwa akitumia hataza zake, na mwaka 1943, wakati wote wawili walikuwa wamefariki, Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sehemu ya hataza mojawapo ya Marconi kwa kuwa wengine walimtangulia.

Pili, na hili ndilo linalonigusa zaidi, kamati ilimtuza mtu katikati ya maisha yake. Nobel ni tuzo ambayo aghalabu hupewa wazee. Marconi aliipokea akiwa na miaka ishirini na minane zaidi ya kuishi, na umaarufu aliopewa Stockholm ulikuwa mtaji wa kutumia katika miaka hiyo yote. Tuzo za wahandisi wachanga zina hatari hiyohiyo. Waamuzi hutazama kifaa: je, kinafanya kazi, kinasaidia nani, kinaweza kuenea? Hawawezi kutazama mkono utakaokishika kifaa hicho miaka thelathini baadaye. Simaanishi kwamba wasitoe tuzo. Kwa maoni yangu wanafanya vyema kuituza kazi, mradi sisi tunaopiga makofi tusidhani kwamba kazi na mtu ni kitu kimoja.

Wakati huo kazi ilikuwa ikijitetea yenyewe. Januari 1909 meli ya Republic iligongwa katika ukungu karibu na pwani ya Marekani, na kwa sababu ya simu ya upepo watu zaidi ya 1,500 waliokolewa. Aprili 1912 ikazama Titanic. Wapeleka ishara wake wawili, Jack Phillips na Harold Bride, walikuwa waajiriwa wa kampuni ya Marconi, na watu wapatao 700 waliosalimika walisalimika kwa kuwa meli ya Carpathia ilisikia mwito wao. Phillips alikufa. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kushawishiwa kwamba kila meli iwe na mtambo.

Mwaka huohuo wa 1912 jina la Marconi lilichafuka Uingereza. Serikali ilikuwa imeipa kampuni yake kazi ya kujenga mnyororo wa vituo vya kuiunganisha himaya, na kimojawapo kilikusudiwa kuwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo. Ikagunduliwa kwamba mawaziri, miongoni mwao Lloyd George na Rufus Isaacs, walikuwa wamenunua hisa za kampuni dada ya Marekani, ilhali ndugu yake Isaacs ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni ya Uingereza. Bunge lilichunguza, mawaziri wakanusurika, na vita vya 1914 vikauvunja mradi. Mnyororo ulijengwa katika miaka ya 1920 kwa mawimbi mafupi ambayo Marconi na mhandisi wake C. S. Franklin waliyaendeleza: yalitumia umeme kidogo na yakaenda mbali zaidi. Nairobi ikapata matangazo ya redio mwaka 1928, yakiwalenga walowezi. Mwafrika na Kiswahili chake walisubiri hadi Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilipotaka familia za askari zipate habari.

Maisha yake ya nyumbani nitayapita haraka. Alimwoa Beatrice O'Brien mwaka 1905, wakatalikiana mwaka 1924. Mwaka 1927 akamwoa Maria Cristina Bezzi-Scali. Alipoteza jicho la kulia katika ajali ya gari mwaka 1912. Sehemu kubwa ya miaka yake ya baadaye aliishi katika jahazi lake la kifahari, Elettra, lililokuwa nyumba na maabara pamoja.

Siasa yake haipitwi haraka. Marconi alijiunga na chama cha Kifashisti mwaka 1923. Mwaka 1929 alipewa cheo cha umarkizi, na mwaka 1930 Mussolini alimfanya rais wa Akademia ya Kifalme ya Italia, wadhifa uliompa kiti katika Baraza Kuu la Kifashisti. Watetezi wake husema kwamba alikuwa mtu wa mitambo asiyejua siasa. Utetezi huo ulidhoofika mwaka 2002, zilipotangazwa habari za nyaraka alizozichunguza mtafiti Annalisa Capristo, zinazoonyesha kwamba chini ya urais wake wasomi wa Kiyahudi walitiwa alama na kufungiwa mlango wa Akademia, miaka kadhaa kabla ya sheria za ubaguzi kutungwa.

Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia. Vijiji na majeshi vilinyunyiziwa gesi ya sumu kutoka angani. Simu ya upepo ilikuwa pande zote mbili: kituo cha redio cha Akaki, karibu na Addis Ababa, kilichotumiwa na Mfalme Haile Selassie kuihutubia dunia, kilikuwa kimejengwa na kampuni ya Kiitaliano, na majeshi ya Italia yaliweza kuzidaka na kuzisoma ishara za makamanda wa Kihabeshi. Marconi, ambaye wakati huo afya yake ilikuwa mbaya, aliiunga mkono vita hiyo. Alisafiri nje akitumia jina lake, jina lilelile la Nobel na la Titanic, kuitetea nchi yake mbele ya mataifa yaliyoilaumu. Hakuna aliyemlazimisha kwa bunduki kufanya hivyo.

Addis Ababa ilitekwa Mei 1936. Mapigano ya kusini yalipomalizika, watu walivuka mpaka wakaingia wilaya ya kaskazini mwa Kenya kupitia Moyale na kwingineko. Serikali ya kikoloni, iliyoogopa kuiudhi Italia na iliyoogopa pia gharama, iliwateremsha hadi Isiolo, makao makuu ya wilaya ya mpakani, ikawaweka kambini. Walikuwa maelfu: askari walioshindwa, wanawake, watoto, na pamoja nao Waeritrea waliolitoroka jeshi la Italia. Walifika katika nchi kame wakiwa watu wa nyanda za juu. Wakati simu zilipokuwa zikipeleka salamu za ushindi Roma, mji wetu, uliokwisha kuwapokea wakongwe wa Kisomali wa Vita vya Kwanza, ulikuwa ukiwapokea wageni wengine wa vita. Katika orodha ndefu ya mambo yaliyofanywa kwa jina la Italia ya Marconi, hili ndilo lililotufikia mlangoni.

Marconi alifariki Roma kwa ugonjwa wa moyo tarehe 20 Julai 1937, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Alizikwa kwa heshima zote za dola. Siku iliyofuata vituo vya redio vya Uingereza na vya nchi nyingine vilizima mitambo kwa dakika mbili, na anga ikawa kimya kama ilivyokuwa kabla yake.

Mwaka 1974, alipotimiza miaka mia moja tangu kuzaliwa, binti yake Gioia Marconi Braga alianzisha taasisi kwa jina lake, ambayo ilitoa Tuzo ya Marconi kwa wataalamu wa mawasiliano na, kuanzia mwaka 2008, tuzo nyingine kwa ajili ya watafiti vijana. Kambi ya Isiolo haikudumu hadi mwisho wa vita. Wakimbizi walihamishiwa Taveta, na Haile Selassie alirudi Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili baada ya Waitaliano kuingia humo.